Somo la 27: Kitambaa cha Kukaushia Madirisha

1. Madirisha ya Bukavu

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima, kando ya Ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Rasi zake tano huingia ziwani kama vidole vya mkono. Watu wanaojenga hapo hupenda kuyaona maji, kwa hiyo huweka madirisha makubwa. Asubuhi jua linapotoka, vioo hung'aa kutoka Nguba hata Muhumba.

Lakini kioo hakijui kuficha uchafu. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa sita hata wa nane, vumbi la barabara hupanda na kukaa juu yake. Wakati wa mvua, matone hurusha matope. Na mwaka mzima moshi wa makala huacha mafuta membamba ambayo jicho haliyaoni upesi, ila kidole huyajua.

Basi, wako watu ambao kazi yao ni kuosha madirisha ya maduka, ya mahoteli na ya ofisi. Ukiwauliza ni chombo gani kinachowapa heshima katika kazi hiyo, hawatakuambia ndoo, wala sabuni. Watakuambia: kitambaa cha kukaushia. Katika somo hili tutajifunza jinsi ya kukichagua.

2. Kazi ya kwanza

Kijana mmoja wa Kadutu alimaliza masomo, akakaa miezi mingi bila kazi. Mama yake aliuza sambaza sokoni, na wadogo zake wawili walikuwa bado shuleni. Kila mwezi minervali yao ilimnyima mama usingizi.

Siku moja mwenye duka kubwa katika barabara ya Patrice Lumumba alimwambia kijana: "Duka langu lina vioo kumi na viwili. Njoo uvioshe Jumamosi. Nikiridhika, utakuja kila juma. Nisiporidhika, nitamtafuta mwingine."

Kijana alikwenda mbio kwa baba yake mdogo, aliyekuwa fundi wa kazi hiyo kwa miaka mingi.

"Baba mdogo, nimepata kazi! Ndoo ninayo, na sabuni ninayo. Nakuomba uniazime rakleti yako. Kitambaa hakinisumbui. Nyumbani liko blanketi la zamani, laini sana. Nitalikata vipande."

Mzee alicheka, kisha akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, ukikausha kwa blanketi hilo, utaosha mara moja, na hutaitwa mara ya pili. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana kama wewe, nilichukua kitambaa kizuri chenye maua, nikafuta nacho vioo vya nyumba moja ya watu wakubwa. Nilifuta mpaka mkono ukauma. Maji yalikwenda kulia, yakarudi kushoto, hayakutoka. Yalipokauka yenyewe, kioo kilikuwa na alama nyeupe kama ramani. Mwenye nyumba hakunigombeza. Alinilipa nusu, akafunga mlango. Ule mlango uliofungwa ndio ulionifundisha. Kesho tutakwenda sokoni pamoja."

3. Kwa nini kioo hukaushwa?

Pengine utauliza: "Maji si hukauka yenyewe? Ya nini kuhangaika na kitambaa?"

Maji hukauka, ni kweli, lakini yaliyomo ndani ya maji hayaondoki. Hubaki juu ya kioo. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi kuliko maji ya mvua au ya vijito vya milimani. Si chumvi ya kutia katika mboga tu, bali ni chumvi za namna nyingi zitokazo katika mawe na katika chemchemi zilizo chini ya ziwa. Katika lita 1 ya maji ya juu ya ziwa mna karibu gramu 1 ya chumvi hizo. Tone moja likikauka juu ya kioo, linaacha duara jeupe. Matone mia yanaacha maduara mia.

Sabuni nayo huacha alama, na uchafu ulioyeyuka katika maji huacha alama. Basi, mwenye kuosha dirisha hana budi kuyaondoa maji kabla hayajakauka. Maji yakiingia katika kitambaa, chumvi na uchafu huingia pamoja nayo.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na rakleti, yaani mpira mrefu uliobanwa katika chuma chenye mpini. Mwaka 1936, Ettore Steccone, Mwitalia aliyehamia Marekani, aliandikisha rakleti nyepesi ya shaba nyeupe ambayo mafundi wa nchi nyingi walifuata mfano wake. Rakleti huyavuta maji toka juu hata chini kwa mara moja. Lakini pembeni mwa kioo, na chini juu ya kizingiti, maji hubaki. Hapo ndipo penye kazi ya kitambaa.

4. Sokoni Kadutu

Asubuhi mzee na kijana walifika soko la Kadutu, mahali wanapouza nguo kuukuu za marobota. Mzee alikuwa amevaa koti jeusi, na mfukoni alikuwa na chupa ndogo ya maji.

Kijana aliona kitambaa kinene, chekundu, chenye kung'aa. Alikishika, kikawa laini kama manyoya ya kifaranga.

"Hiki, Baba mdogo!"

Mzee alifungua chupa, akadondosha tone moja juu yake. Tone lilisimama kama ushanga. Mzee aliinamisha kitambaa, na tone likateleza, likaanguka chini. Kitambaa kilikuwa kikavu kama kwanza.

Mama mwenye kuuza alisema kwa sauti kubwa: "We Baba! Unanyeshea biashara yangu mvua wakati wa kiangazi?"

"Nisamehe, Mama. Ni tone moja tu, na halikuingia. Hiyo ndiyo sababu sitakinunua."

Mama alicheka, akamletea robota lingine. Humo mlikuwa na shuka nyeupe ya pamba, kuukuu, iliyooshwa mara nyingi. Mzee alidondosha tone. Kabla hajahesabu mpaka tatu, tone lilikuwa limenywewa, na alama ya maji ikaenea kama jani linalofunguka.

Kisha mzee aliisugua ile shuka juu ya mkono wa koti lake jeusi, akatazama. Hapakuwa na nyuzi. Akachukua taulo, akaisugua vilevile. Koti likajaa nyuzi ndogo nyeupe.

"Taulo hunywa maji mengi kuliko shuka," mzee alisema, "lakini huacha nyuzi zake juu ya kioo. Tutainunua kwa ajili ya kizingiti, si kwa ajili ya kioo."

Mwisho walipita kwa mfanyabiashara wa vitu vya plastiki. Huko walikuta kitambaa kidogo cha bluu, ambacho watu hukiita mikrofibri, kwa jina la Kifaransa. Mzee alikishika kwa vidole vyake vikavu. Kitambaa kilishikamana na ngozi ya vidole kama majani yenye vijiba. "Hii ni dalili njema," alisema, akadondosha tone. Likaingia.

Fedha za kijana zilitosha vitambaa vinne tu. Alinunua taulo moja, vipande viwili vya shuka ya pamba, na mikrofibri moja. Kile chekundu kizuri kilibaki pale pale.

5. Kwa nini kimoja hunywa, na kingine hukataa?

Tazameni utambi wa taa ya mafuta. Mafuta yako chini, moto uko juu. Nani anayeyapandisha mafuta? Ni nafasi nyembamba zilizo katikati ya nyuzi za utambi. Vitu vya majimaji hupanda vyenyewe mahali pembamba, ikiwa kuta za mahali hapo zinavipenda. Kitambaa hunywa maji kwa njia hiyohiyo.

Pamba. Uzi mmoja wa pamba, ukiutazama kwa kioo cha kukuzia, ni kama mrija uliobanwa. Tena mwili wake wenyewe hupenda maji. Kwa hiyo pamba hunywa kati ya nyuzi na ndani ya nyuzi. Zamani, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, pamba ililimwa katika bonde la Ruzizi, kusini ya Bukavu. Lakini angalieni: pamba mbichi ina nta yake, na kitambaa kipya cha dukani mara nyingi kimetiwa wanga ili kisimame vizuri. Nta na wanga huzuia maji. Ndiyo sababu shuka kuukuu, iliyooshwa mara nyingi, hushinda shuka mpya.

Taulo. Taulo ni pamba iliyofumwa kwa vitanzi vingi vidogo. Kati ya vitanzi hivyo mna nafasi nyingi za kuwekea maji. Lakini vitanzi hukatika, na vipande vyake ndivyo vile vinyuzi tulivyoviona juu ya koti.

Kitambaa cha upasuaji. Katika hospitali, madaktari wanaopasua wagonjwa hutumia vitambaa vya pamba vilivyofumwa kwa namna ya kutoacha nyuzi, maana uzi ukibaki katika kidonda huleta madhara. Huko Marekani mafundi wengi wa madirisha hununua vitambaa vya namna hiyo, vikiisha kutumika na kusafishwa sana. Havina nyuzi, na kwa kuoshwa mara nyingi vimekuwa na kiu kubwa.

Nailoni na poliesta. Nyuzi hizi zimetengenezwa kwa mafuta ya petroli. Mwili wake haunywi maji ila kidogo sana. Kitambaa chekundu cha sokoni kilikuwa cha namna hiyo. Blanketi la kijana lilikuwa vilevile.

Mikrofibri. Hapa pana ajabu. Mikrofibri nayo mara nyingi ni poliesta na nailoni. Mbona inakunywa? Kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba kupita kiasi. Uzi mmoja wenye urefu wa mita 9,000, yaani kilomita 9, haufikishi uzito wa gramu 1. Tena nyuzi za kitambaa kizuri zimepasuliwa, zikawa na pembe na nafasi nyembamba mno. Maji hayaingii ndani ya uzi, bali hushikwa kati ya nyuzi. Nyuzi hizi nyembamba zilipata sifa tangu mwaka 1970, wakati kampuni ya Toray ya Ujapani ilipozitumia kutengeneza kitambaa kinachofanana na ngozi laini. Baadaye watu walizitumia kwa kusafishia.

Ngozi. Mafundi wa zamani walitumia ngozi ya kondoo iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki. Hunywa vizuri na haiachi nyuzi. Lakini bei yake ni kubwa, na ikikauka hukakamaa kama ubao.

Basi, uzuri wa rangi si ushuhuda, na ulaini si ushuhuda. Ushuhuda ni maji.

6. Jumamosi

Siku ya kazi bomba lilikuwa kavu. Kijana aliteremka ziwani, akachota ndoo mbili. Alikumbuka habari ya chumvi, akaanza na vioo vya upande wa kivuli, ili jua lisimtangulie kukausha.

Alipaka maji yenye sabuni kidogo, akavuta kwa rakleti. Kila mara aliufuta mpira. Kisha alitwaa kipande cha shuka, akakikunja mara mbili. Kitambaa kilichokunjwa hivyo kina nyuso nane safi: uso mmoja ukilowa, unageuza mwingine. Akapitisha kidole chake ndani ya kitambaa pembeni mwa kioo, polepole, toka juu hata chini. Taulo aliilaza juu ya kizingiti ipokee matone, yasianguke sakafuni na kuwatelezesha watu. Mikrofibri aliiweka begani, kwa alama ya mwisho tu.

Vioo nane vilitoka safi. Katika kioo cha tisa, kipande cha shuka hakikunywa tena. Kilisukuma maji tu, kama kile kitambaa chekundu. Kijana alifahamu: kitambaa kilichoshiba hakina kiu. Alikikamua, akakianika, akangoja. Lakini saa zilikwenda. Kioo cha kumi na moja alikifuta kwa kitambaa chenye maji, akisema moyoni: "Hakuna atakayeona."

Mwenye duka alikuja, akatazama, akalipa. Kijana alitia fedha mfukoni, akaondoka. Alipofika ng'ambo ya barabara aligeuka. Jua lilikuwa limezunguka, nalo lilipiga kioo cha kumi na moja. Pembeni mwake palikuwa na maduara meupe, tangu juu hata chini.

Alisimama. Fedha zilikuwa mfukoni. Nyumbani walikuwa wakimngoja. Kisha alirudi.

"Nimekwisha kukulipa," mwenye duka alisema. "Mbona umerudi?"

"Patron, kioo kile kina alama. Nilikifuta vibaya."

Alikamua ndimu katika maji kidogo, kwa maana ukali wa ndimu huyeyusha alama za namna hiyo. Alifuta, akasuuza kwa maji safi, akakausha kwa mikrofibri. Maduara yakatoka.

Mwenye duka hakusema maneno mengi. Alisema: "Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi."

Jioni kijana alimhadithia baba yake mdogo mambo yote. Mzee aliuliza neno moja tu: "Vitambaa vinne vilitosha?"

"Havikutosha, Baba mdogo."

"Basi umejua hesabu ya kazi yako. Rudi kwa yule mama wa sokoni, ununue shuka nyingine."

7. Kutunza vitambaa

Kitambaa kizuri chaweza kuharibiwa kwa kuoshwa vibaya. Shikeni mambo haya:

— Kitambaa kipya cha pamba kioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara tatu au zaidi kabla ya kazi.
— Dawa ya kulainisha nguo isitiwe kamwe. Hupaka nyuzi mafuta, na kitambaa hupoteza kiu yake.
— Kitambaa kilichofuta mafuta ya jikoni kisitumike kwa kioo.
— Mikrofibri ioshwe peke yake. Ikioshwa pamoja na taulo, hukusanya nyuzi zake. Isipigwe pasi ya moto, wala isitiwe javeli.
— Kitambaa kikianguka chini, kisirudishwe kwenye kioo kabla ya kuoshwa. Chembe moja ya mchanga yaweza kukikwaruza kioo, na mkwaruzo haufutiki.
— Vitambaa vyote vianikwe vikauke kabisa. Kitambaa kilichokunjwa kibichi huota ukungu na kunuka.

Kumbukeni: Kitambaa cha kukaushia madirisha kiwe na kiu, kisiache nyuzi, kiwe safi, na viwe vingi vya kutosha. Kabla ya kununua, ulizeni tone la maji. Halisemi uongo.

Maneno ya kujifunza

Rakleti: mpira wenye mpini wa kuvutia maji juu ya kioo.
Kizingiti: sehemu ya chini ya dirisha, mahali matone yanapoangukia.
Vitanzi: nyuzi zilizopindwa kama duara katika taulo.
Wanga: unga mlaini unaokakamaza nguo.
Kukamua: kuminya kitambaa ili maji yatoke.

Maswali

1. Kwa nini maji ya Ziwa Kivu huacha alama nyeupe juu ya kioo, na maji ya mvua hayaachi sana?
2. Mzee alifanya majaribio gani mawili sokoni? Kila moja lilionyesha nini?
3. Kwa nini shuka kuukuu ya pamba hunywa maji kuliko shuka mpya?
4. Poliesta hainywi maji. Basi, mikrofibri hushikaje maji?
5. Kijana alikuwa amekwisha kulipwa. Kwa nini alirudi? Wewe ungefanya nini?

Jaribio

Tafuteni nyumbani vitambaa vitatu vya namna mbalimbali. Kateni kwa kila kimoja utepe wenye upana wa sentimeta 2 na urefu wa sentimeta 20. Vianikeni juu ya bakuli la maji, ncha za chini ziguse maji. Ngojeni dakika 5. Pimeni kwa rula maji yamepanda kiasi gani katika kila utepe. Andikeni katika daftari: ni kitambaa gani chenye kiu kuliko vyote?

Hesabu

1. Kitambaa kikavu kina uzito wa gramu 60. Kikiloweshwa kina gramu 240. Kimekunywa gramu ngapi za maji? Ni mara ngapi ya uzito wake?
2. Lita 1 ya maji ya ziwa ina karibu gramu 1 ya chumvi. Kijana alichota ndoo 2 za lita 10. Mlikuwa na gramu ngapi za chumvi?
3. Kitambaa kilichokunjwa kina nyuso 8. Kioo kimoja hulowesha nyuso 2. Kitambaa kimoja hutosha vioo vingapi? Kwa vioo 12, fundi achukue vitambaa vingapi?